Kava la mkanda wa injini ya Ducati: la wazi au la kufunika? Namna ya kuchagua na kulifunga

Ukiendesha Boxer, TVS au pikipiki nyingine ya kawaida ya bodaboda, makala haya hayakuhusu sana. Injini yako huzungusha kamushafti, yaani shafti inayofungua vali, kwa cheni ndogo iliyofichwa ndani, inayooga oili muda wote, na hakuna kava la kuchagua. Wenye Ducati za mkanda ndio wenye kazi.

Ducati ya Bologna ilianza kuuza pikipiki za barabarani zenye mkanda wa taimingi mwaka 1979, kwenye Pantah 500 iliyosanifiwa na Fabio Taglioni. Kabla ya hapo injini zao kubwa zilitumia shafti na gia ambazo fundi alilazimika kuzipima na kuzipanga moja moja kwa mkono. Mkanda wa mpira wenye meno ulikuwa rahisi kutengeneza, hauna kelele, na hauhitaji oili. Hapo penye "hauhitaji oili" ndipo habari yetu inapoanzia. Kwa kuwa unafanya kazi mkavu, mkanda umewekwa nje ya injini, upande wa kulia, na kinachoutenga na barabara ni kava moja jepesi la plastiki au alumini.

Watu hulitoa kava hilo kwa sababu za urembo. Ukiweka la wazi, puli (magurudumu yenye meno yanayobeba mkanda) zinaonekana zikizunguka, na kama umenunua zile za rangi ya dhahabu au nyekundu, pikipiki ikinguruma kwenye maegesho kila mtu anageuza shingo. Sina ugomvi na urembo. Mtu hanunui Ducati kwa ajili ya kubebea magunia ya mkaa. Lakini msimamo wangu nautoa mapema ili usinisome hadi chini ukiutafuta: silinda ya mbele ifunikwe, ya nyuma fanya upendavyo kulingana na barabara zako, na bila kava lolote usiende hata sokoni.

Hatua ya 1: Hakikisha injini yako ina mkanda

Usiagize kitu kwa kuangalia picha. Ducati si zote zina mkanda. Panigale 1199 iliyotoka 2012 ilikuja na cheni na gia, na ndugu zake wenye injini hiyo hiyo iitwayo Superquadro vivyo hivyo. Injini za V4 hazina mkanda. Injini mpya ya V2 yenye cc 890, iliyotangazwa mwishoni mwa 2024, nayo ni ya cheni, kwa hiyo jina la "V2" kwenye tangi halikuambii lolote.

Zenye mkanda ni Monster za miaka mingi kuanzia ile ya kwanza ya 1993 hadi 937, Scrambler za cc 803, familia ya 916, 998, 999, 848 na 1098, pamoja na Multistrada, Hypermotard, SuperSport na DesertX za silinda mbili zisizo na injini hiyo mpya ya cc 890. Ndani ya kundi hilo kuna mgawanyiko mwingine unaoharibu oda za watu wengi: vichwa vyenye vali mbili kwa silinda na vyenye vali nne. Kichwa cha vali mbili kina kamushafti moja, hivyo puli moja juu. Cha vali nne kina kamushafti mbili, puli mbili zimekaa sambamba, na kava lake ni pana zaidi. Kava la Monster ya vali mbili halitaingia kwenye Monster ya vali nne hata ukilibembeleza.

Andika mahali fulani: modeli, cc, mwaka wa kutengenezwa, idadi ya vali. Maelezo hayo manne ndiyo utakayomtumia muuzaji.

Hatua ya 2: Fungua kava ulilo nalo, usome kilichomo

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na mimi naiona ndiyo yenye majibu. Kabla hujaamua unataka kava gani, angalia la sasa limekuwa likizuia nini.

Injini iwe imepoa. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya nyuma, fungua boliti za kava kwa alenki inayokaa vizuri (vichwa vya boliti hizi huliwa haraka ukitumia alenki iliyochakaa), na utoe kipande kimoja kimoja. Kwa kawaida kuna kipande cha silinda ya mbele, cha silinda ya nyuma, na cha katikati kinachofunika puli mbili za chini. Panga boliti zako juu ya kipande cha boksi kwa mpangilio uliozitoa, maana huenda urefu wake haulingani. Kwenye makava ya plastiki, angalia pia vibushi vya chuma na raba ndogo zinazokaa kwenye matundu. Hizo hudondoka bila kuaga.

Sasa washa tochi, geuza kava, uangalie upande wake wa ndani.

Vumbi jeusi laini, kama la mpira wa kufutia, ni la mkanda wenyewe. Kidogo ni kawaida. Likiwa jingi na limejikusanya upande mmoja, mkanda unasugua ukingo wa puli na hilo litibiwe kwanza. Vumbi jekundu ni la murram: ina maana hata kava lililofunga linapitisha, kwa sababu makava ya kiwandani hayazibi kabisa na hayakukusudiwa kuziba. Jiulize lingekuwa kiasi gani kama kava lisingekuwepo. Kokoto ukiikuta chini kwenye kona ya kava, umeshapata jibu lako na unaweza kurudisha boliti. Oili nayo ni habari tofauti. Inatoka kwenye sili ya kamushafti au ya shafti ya chini, na hakuna kava litakalokusaidia hadi sili ibadilishwe na mkanda pia. Mpira uliolowa oili hauoshwi ukarudi kazini.

Ukiwa hapo hapo, kagua mkanda wenyewe. Nyufa mgongoni, nyuzi zinazochomoza ukingoni, meno yanayong'aa au yaliyopungua: vyote hivyo vinaamuru mkanda mpya. Zungusha kwa kidole magurudumu madogo ya kukazia mkanda, yakiwa huru. Beringi nzima huzunguka kimya. Inayoguna au kukwaruza imekufa. Beringi hizi ni za kufungwa, haziwekwi grisi, hubadilishwa. Kwa watu wa pwani, wa Mombasa, Tanga, Dar na Unguja, ndizo huanza kuondoka kabla ya mkanda kwa sababu ya hewa ya chumvi.

Hatua ya 3: Zikubali barabara zako jinsi zilivyo

Kwanza elewa kinachotokea jambo likiharibika. Kokoto ikiingia kati ya mkanda na puli, mkanda unainuliwa, unavutika kupita kiasi na unaweza kuruka meno. Mchanga ukijishindilia kwenye mifereji ya puli unafanya hivyo hivyo polepole: meno hayakai chini, mkanda unakaza bila wewe kujua, na puli inalika. Mkanda ukiruka vya kutosha au ukikatika, kamushafti inasimama huku krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, ikiendelea kuzunguka. Vali iliyokuwa wazi inabaki wazi, pistoni inapanda, vinakutana. Baada ya hapo hutafuti tena kava. Unatafuta vali, pistoni, na huenda kichwa kizima, na spea za aina hiyo hazipatikani Kariakoo wala Kirinyaga Road.

Sasa tazama injini ilivyokaa. Silinda mbili za Ducati zimetengana kwa nyuzi 90. Moja imelala ikielekea mbele, kichwa chake kikiwa nyuma tu ya gurudumu la mbele. Nyingine imesimama katikati ya fremu, karibu na goti lako la kulia. Kila kinachorushwa na tairi la mbele, iwe jiwe, tope au lami ya moto, njia yake inaelekea kwenye ile iliyolala. Ile iliyosimama ina kivuli cha injini yenyewe. Ndiyo maana nasema makava mawili haya ni maamuzi mawili tofauti, ingawa wauzaji huyauza kama seti moja.

Ukiwa Nairobi na safari zako ni lami tupu, kutoka Westlands hadi Naivasha na kurudi, kava la wazi kwenye silinda ya nyuma ni jambo la kuvumilika. Lakini wanaoishi Nairobi wanajua kuwa lami huishia ghafla kwenye mchepuko wa ujenzi, na lori lililo mbele yako linamwaga kokoto tangu Mai Mahiu. Ukipenda kuteremkia Magadi, upepo wa kule unavusha mchanga barabarani hata kama hukuiacha lami. Dodoma na Singida ni vumbi sehemu kubwa ya mwaka. Dar es Salaam tatizo ni mbili: mchanga wa pembezoni mwa barabara na chumvi. Wasomaji walioko Muscat wana mchanga mwembamba unaopita kila mahali. Walioko Salalah wana msimu wa kharifu, ukungu na matope juu yake. Ulaya ya kaskazini, anayeendesha hadi Desemba anakutana na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Hao wote ningewaambia wabaki na la kufunika, mbele na nyuma.

DesertX na Scrambler zinastahili sentensi yao. Mtu anayenunua pikipiki ya kupita nyikani kisha akaondoa kava la mkanda amenunua koti la mvua akakata mikono.

Tabia yako nyumbani pia iingize kwenye hesabu. Je, pikipiki hulala nje juani? Mpira hauchoshwi na kilomita peke yake. Jua na hewa huukausha na kuupasua hata ikiwa imeegeshwa. Je, una watoto wanaocheza karibu pikipiki ikiwashwa? Puli inayozunguka usawa wa mkono wa mtoto ni hatari ya wazi. Unapakia abiria mwenye kanzu, dera au mtandio mrefu? Fikiria upepo unavyoupeleka.

Hatua ya 4: Jua kuna nini sokoni

Kava la kiwandani. Mara nyingi ni plastiki nene, isiyo na mvuto. Scrambler nyingi zimekuja na la alumini lililochongwa mashineni, na hilo linapendeza kiasi kwamba sioni sababu ya kulibadilisha. Faida ya la kiwandani ni kwamba nafasi kati yake na mkanda imeshapimwa na waliounda injini.

Karboni iliyofunga. Umbo lile lile la kiwandani, nyuzi za karboni. Uzito unaopungua ni gramu kadhaa, hutausikia. Kwa mtu anayetaka sura mpya bila kuingiza mchanga, hili ndilo chaguo langu la kwanza. Angalizo ni moja kwa watu wa pwani: karboni ikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Tumia washa za plastiki au zile raba za asili kati yao.

Alumini yenye madirisha yaliyowekwa wavu au matundu madogo. Hapa unaona puli kidogo na kokoto nyingi zinagonga mwamba. Vumbi linapita. Kwa lami ni nzuri hata kwa silinda ya nyuma na, ukilazimika, ya mbele.

La wazi kabisa. Ni fremu tu, mara nyingi ya alumini iliyochongwa, inayozunguka ukingo wa mkanda. Haizuii chochote isipokuwa buti lako kugusa puli, na wakati mwingine hata hilo haizuii. Hili ni la pikipiki ya maonyesho, ya Jumapili, au ya uwanja wa mbio, ambako injini hufunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara.

Utasikia wauzaji wakisema la wazi "linapoza mkanda". Hewa inapita zaidi, ni kweli. Lakini Ducati ilichagua mpira na nyuzi za mikanda hii ikijua utafanya kazi pembeni ya kichwa chenye moto, ndani ya kava. Kupoza ni faida ndogo unayoilipia kwa mchanga. Faida ya kweli ya la wazi ni nyingine na haitajwi sana: unaona. Sili ikianza kuvuja oili, mkanda ukianza kuchanika ukingoni, utajua wiki hiyo hiyo badala ya kusubiri sevisi. Ila faida hiyo ni ya mtu anayeinama kuangalia.

Kuna pia wanaotoboa makava yao ya plastiki wenyewe. Si vibaya kama utafanya kwa akili. Tafuta makava ya mtumba ya kutobolea, ya asili uyaweke. Toboa nje ya pikipiki, sugua kingo kwa msasa hadi zisikwaruze, osha kwa sabuni na ukaushe mpaka pasibaki unga hata chembe. Kosa kubwa ni wavu wa gundi. Gundi huchoka kwa joto na mtetemo, wavu unaachia, na unaangukia pale pale ulipokuwa unapalinda. Ukitaka wavu, uwe wa chuma kisichoshika kutu, ufungwe kwa boliti ndogo au ribiti, na vichwa vya ribiti vielekee ndani vikiwa bapa. Na matundu yawe madogo kuliko kokoto unazokutana nazo, vinginevyo umetengeneza mtego: jiwe linaingia, kutoka haliwezi.

Hatua ya 5: Kagua kabla ya kulipa

Muombe muuzaji picha ya upande wa ndani. Picha za nje zote ni nzuri. Ndani ndiko utakakoona kama kuna kingo kali, kama nguzo za boliti zimechongwa kamili au zimebandikwa, na kama matundu yanalingana na ya kava lako. Uliza kama seti ina kipande cha katikati, kwa maana wengine huuza viwili tu na wewe unabaki na puli za chini zikiwa uchi, na huko chini ndiko uchafu hujikusanya zaidi. Uliza boliti zinakuja nazo na ni za urefu gani. Kava jembamba kwa boliti ndefu za zamani maana yake boliti inagonga mwisho wa tundu kabla haijabana, na wewe unaendelea kukaza hadi uzi unang'oka.

Bei sitaitaja, inategemea unaagiza kutoka wapi na ushuru wa mwaka huo. Ila usisahau kuweka usafirishaji na ushuru kwenye hesabu kabla hujafurahia punguzo.

Hatua ya 6: Kulifunga

Kama mkanda unakaribia muda wake, badilisha sasa, kazi zote mbili kwa pamoja. Injini za zamani kitabu husema kila miaka 2 au km 20,000. Nyingi za baadaye zimepewa miaka 5 na kilomita kati ya 24,000 na 30,000 hivi. Kitabu cha modeli yako ndicho mwamuzi, na kinachofika kwanza kati ya miaka na kilomita ndicho kinachohesabiwa. Pikipiki nyingi za huku hukaa zaidi ya zinavyotembea, kwa hiyo miaka ndiyo itakayokukamata. Kupima ukazaji wa mkanda ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha kupima mtetemo wake; usikisie kwa kidole.

Ukisha kuwa na mkanda unaouamini, safisha eneo zima kwa brashi kavu laini. Usipulize kwa kompresa ukielekeza ndani kwenye beringi na sili, utaingiza mchanga mahali ambapo haukuwepo. Petroli, mafuta ya taa na dawa za kuyeyusha grisi zikae mbali.

Shikilia kava jipya mahali pake bila boliti. Linatakiwa kukaa lenyewe, bila kulazimishwa. Likipinda unapolisukuma, halijakaa au si la injini hiyo. Angalia hosi, waya na paipu za oili zinazopita karibu.

Kisha pima nafasi ya ndani. Njia rahisi ni dongo la kuchezea watoto, plastisini. Bandika vipande vidogo upande wa ndani wa kava, sehemu zinazokaribiana na puli na mgongo wa mkanda, funga kava kwa boliti mbili tatu za kushikilia tu, halafu litoe. Dongo lililobonyezwa linaonyesha nafasi iliyobaki. Kumbuka mkanda hautulii injini ikikimbia. Unatetemeka kwenda nje na ndani. Dongo likiwa jembamba kama kadi ya benki, mimi nisingelifunga kava hilo. Toa dongo lote, hesabu vipande ulivyobandika na vilivyotoka vilingane.

Sasa funga. Boliti zote ziingie kwa vidole kwanza, hata moja isikazwe, ndipo ukaze kwa zamu ukivuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Alumini haipendi nguvu. Boliti ya milimita 6 kwenye alumini kwa kawaida huishia Nm 10 hivi, ya milimita 5 karibu nusu yake, na kwenye kava la plastiki ni kibushi kinachobeba mkazo, si plastiki. Tone moja la gundi ya boliti ya nguvu ya kati, ile ya buluu, linatosha: linazuia boliti kulegea na linazuia pia chuma na alumini kushikana kwa kutu. Boliti ya kava ikilegea na kuanguka nje umepoteza boliti. Ikilegea ikaangukia ndani umepoteza injini.

Kabla ya kuwasha, zungusha injini kwa mkono. Zima swichi, toa plagi ili kusiwe na mgandamizo, weka gia ya juu kabisa, gurudumu la nyuma likiwa juu ya stendi, ulizungushe taratibu kuelekea mbele. Kuelekea mbele tu. Sikiliza kwa karibu. Sauti yoyote ya kukwaruza inamaanisha kava linagusa. Ikiwa kimya kwa mizunguko kadhaa, rudisha plagi, washa, iache iungurume dakika mbili, izime na uangalie tena kwa tochi.

Hatua ya 7: Safari ya kwanza, na maisha baada yake

Nenda mwendo mfupi karibu na nyumbani, rudi, kagua boliti zote injini ikishapoa. Kagua tena baada ya kilomita mia hivi. Baada ya hapo ratiba inategemea ulichochagua. Kava lililofunga hufunguliwa kwenye sevisi. La wazi au la wavu nakushauri uliangalie kwa tochi kila baada ya safari yenye vumbi, na kila kilomita elfu moja hata kama hukuona vumbi. Tafuta kokoto iliyokaa kwenye kona ya chini, nyasi au nyuzi zilizojisokota kwenye puli, na mchanga mgumu kwenye mifereji. Toa kwa brashi na kijiti cha mti; bisibisi inakwaruza puli. Muda wa mkanda nao mimi ningeupunguza: kitabu kikisema miaka 5 na wewe una kava la wazi, usisubiri huo wa tano.

Madigadi ya mbele iongezewe kipande cha kurefusha kwa chini. Ni plastiki ya bei ndogo na inasaidia silinda ya mbele kuliko kava lolote la kifahari.

Tukaja kwenye kuosha, mahali ninapoona mikanda mingi ikitendewa vibaya. Vijana wa kuosha pikipiki hawana nia mbaya. Wamezoea injini zilizofungwa. Wataanza na mashine ya presha, mkuki wa maji ukielekezwa moja kwa moja pale penye madoa meusi. Wakimaliza, mmoja atachukua kitambaa chenye dizeli au oili chakavu apitishe injini nzima ing'ae kama mpya, maana ndivyo Boxer inavyorembwa na mteja anavyofurahi. Kwenye Ducati yenye kava la wazi, maji ya presha yanasukuma mchanga na sabuni ndani ya beringi zilizofungwa, na dizeli inaanza kuulainisha mpira siku hiyo hiyo. Simama hapo hapo wakati pikipiki inaoshwa. Sema mapema: upande wa kulia wa injini ni kitambaa chenye maji tu, hakuna presha, hakuna dizeli, hakuna mafuta ya kung'arishia, na dawa ya cheni inapopulizwa kule nyuma, wekeni gazeti katikati. Ukiona wanakuitikia huku wakicheka, oshea nyumbani.

Wenye klachi kavu, ile isiyooga oili, iliyoachwa wazi nayo, kwa sababu ya ule mlio wake wa sufuria, wajue kuwa iko upande huo huo wa kulia. Inatoa unga wake na haipendi mafuta kama mkanda usivyoyapenda. Vitu viwili vya wazi ni vitu viwili vya kukagua.

Mwisho, usiyatupe wala kuyauza makava ya kiwandani. Yafunge pamoja na boliti zake, vibushi na zile raba kwenye mfuko mmoja, andika juu yake modeli na mwaka, uweke kabatini. Siku marafiki wakipanga safari ya Loliondo au Turkana, kurudisha makava hayo ni kazi ya kama saa moja na alenki moja.